Vitamini K na Damu ya Mtoto Mchanga



Nani hajajikata kwa kisu au jembe, akaona damu inatoka kisha inaganda yenyewe? Ni neema tunayoisahau. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, na haliwezi kuzikamilisha bila vitamini K. Aliyeigundua ni Henrik Dam wa Denmark. Mwaka 1929 alieleza jinsi vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta walivyovuja damu, na mwaka 1935 akaipa jina la K, herufi inayoanza neno la kuganda katika lugha yao.

Kwetu Kasulu na Kibondo vitamini hii haiko mbali. Imo katika sombe, mchicha, matembele na majani ya maboga. Tena huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo mama anayeunga sombe kwa mawese anafanya jambo la kitaalamu bila kusomea.

Sasa huwa tunaulizwa: ikiwa mama alikula mboga hizo miezi yote tisa, mtoto achomwe sindano ya vitamini K ya nini? Ni kwa sababu inayopita kwenye kondo la nyuma ni kidogo mno. Katika maziwa ya mama pia ni kidogo (wala hiyo si sababu ya kumnyima ziwa), na bakteria wa tumboni wanaoitengeneza bado hajawa nao. Mtoto anaweza kutokwa damu kitovuni, puani au chooni katika wiki ya kwanza. Wengine huvuja ndani ya ubongo, hata baada ya wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 1 baada ya kuzaliwa. Wanaotahiri siku ya saba wazingatie: siku hiyo imo ndani ya muda wa hatari. Aliyejifungulia nyumbani ampeleke mtoto zahanati mapema, aulizie sindano hiyo kabla ya wembe.

Mifugo nayo imo. Sumu nyingi za panya huzuia kazi ya vitamini K, ndiyo maana panya hafi siku ile ile. Mbuzi akiila, wapo wanaokimbilia kumchinja wasipate hasara. Kuchinja kisharia hakuondoi sumu, nayo hukaa katika ini. Mwiteni bwana mifugo. Dawa yake ni vitamini K hiyo hiyo.