Ukaguzi wa Utambulisho kwa Wanaoanza Kazi ya Mkataba Kupitia Wakala Nchini Uingereza

Ukaguzi wa utambulisho ni hatua ambayo wakala wa ajira huitumia kuhakikisha kuwa mwombaji kazi ndiye mwenye jina analolitaja, na kwamba ana ruhusa ya kufanya kazi anayoiomba. Nchini Uingereza ukaguzi huu hufanyika kabla ya siku ya kwanza ya kazi, iwe ni zamu za wiki mbili ghalani, mkataba wa miezi sita ofisini au kazi ya kutunza wazee majumbani. Haubagui: aliyezaliwa London, mwenye ukaazi wa kudumu, mwanafunzi kutoka Nairobi na mkimbizi kutoka Bukavu wote hupitia mlango huo huo.

Wakala huomba nyaraka nyingi kwa mkupuo mmoja, na mwombaji huona kama ni jambo moja. Kumbe kila ombi lina chanzo chake. Baadhi hutakiwa na sheria ya uhamiaji, baadhi na kanuni za mawakala, baadhi na aina ya kazi yenyewe, na mengine ni ya malipo tu. Mwombaji akijua chanzo cha ombi, hujua pia ni nyaraka ipi inatosha, na ombi lipi halina msingi.

Sheria zinazohusika

Sheria ya kwanza ni ya Uhamiaji, Ukimbizi na Uraia ya 2006, ambayo vifungu vyake kuhusu waajiri vilianza kutumika Februari 2008. Chini yake, mwajiri aliyemwajiri mtu asiye na ruhusa ya kufanya kazi hutozwa faini. Tangu tarehe 13 Februari 2024 faini hiyo inaweza kufika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi katika kosa la kwanza, na pauni 60,000 kosa likirudiwa. Mwajiri aliyefanya ukaguzi kwa utaratibu uliowekwa hupata kinga dhidi ya faini, hata ikija kugundulika kwamba nyaraka zilikuwa za kughushi kwa namna isiyoonekana kwa macho ya kawaida. Anayeajiri huku akijua mtu hana ruhusa hutenda jinai, na anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Sheria ya pili ni Kanuni za Mawakala wa Ajira za 2003, zinazotumika England, Wales na Scotland. Kanuni hizi humtaka wakala athibitishe utambulisho wa mtu kabla ya kumpeleka kwa kampuni inayohitaji mfanyakazi, pamoja na uzoefu, mafunzo na sifa zinazotakiwa kwa kazi hiyo. Pale kazi inapohusu watoto, wagonjwa au wazee wanaohitaji uangalizi, wakala hutakiwa pia kupata nakala za vyeti na barua za wadhamini wawili.

Nani hasa ni mwajiri

Katika kazi ya mkataba huwapo pande tatu au nne: mfanyakazi, wakala, kampuni inayotumia nguvu kazi, na mara nyingi kampuni ya mwavuli ambayo kazi yake ni kumwajiri mfanyakazi na kumlipa mshahara. Wajibu wa kukagua ruhusa ya kazi humwangukia aliyefunga mkataba wa ajira na mfanyakazi. Ndiyo maana mtu mmoja huweza kuombwa pasipoti mara mbili katika wiki moja, kwanza na wakala, kisha na kampuni ya mwavuli. Maombi yote mawili yanaweza kuwa halali.

Tangu tarehe 6 Aprili 2020 wakala anatakiwa kumpa mfanyakazi wa muda waraka wa taarifa muhimu kabla ya kukubaliana masharti. Waraka huo hutaja nani atakayelipa mshahara, makato yatakayofanyika na mfano wa kiasi kitakachobaki mkononi. Kwa kuusoma, mfanyakazi hujua kampuni ipi ina haki ya kuzitaka nyaraka zake.

Mtaalamu anayefanya kazi kupitia kampuni yake mwenyewe anaweza kutia saini kujiondoa katika kanuni za 2003. Hawezi kujiondoa iwapo kazi inahusu watu wanaohitaji uangalizi. Hata akijiondoa, kampuni nyingi kubwa huendelea kutaka uthibitisho wa utambulisho kama sharti la mkataba wao.

Njia tatu za ukaguzi wa ruhusa ya kazi

*Kukagua nyaraka halisi.* Njia hii huwafaa zaidi raia wa Uingereza na wa Ireland. Mkaguzi hushika nyaraka yenyewe mkononi, mwenye nayo akiwa mbele yake au akionekana moja kwa moja kwa video. Pasipoti ya Uingereza hukubaliwa hata ikiwa imeisha muda. Raia asiye na pasipoti anaweza kutumia cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Uingereza pamoja na hati rasmi yenye jina lake na namba yake ya bima ya taifa, kama vile fomu ya P45 au P60. Leseni ya udereva haithibitishi ruhusa ya kazi, ingawa inaweza kusaidia kuthibitisha utambulisho au anwani.

*Kukagua kwa mtandao.* Wageni wengi sasa wana eVisa, yaani kumbukumbu ya kielektroniki ya hadhi yao inayotunzwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwenye hadhi huingia kwenye akaunti yake na kupata namba ya siri yenye jumla ya herufi na tarakimu 9, ambayo tovuti ya serikali huiita share code. Ya kazi huanza na herufi W na hudumu siku 90. Mkaguzi huiingiza pamoja na tarehe ya kuzaliwa katika ukurasa wa waajiri, huona picha na masharti ya kazi, kisha hulinganisha picha na sura ya mtu. Picha ya skrini aliyotuma mfanyakazi haitoshi, kwa kuwa sheria humtaka mwajiri aangalie mwenyewe. Kadi ya plastiki ya ukaazi nayo haijakubaliwa kama uthibitisho wa kazi tangu tarehe 6 Aprili 2022.

*Kukagua kupitia kampuni ya uhakiki.* Tangu 2022, mwenye pasipoti hai ya Uingereza au Ireland anaweza kuhakikiwa na kampuni iliyoidhinishwa, kwa kupiga picha pasipoti na uso wake kwa simu. Asiyetaka njia hii ana haki ya kuonyesha nyaraka halisi.

Mkaguzi anaangalia nini

Kazi ya mkaguzi ina hatua tatu: kupokea, kukagua na kutunza nakala. Anapokagua, hutazama iwapo picha inafanana na mtu, iwapo tarehe ya kuzaliwa ni ile ile katika nyaraka zote, iwapo muda wa ruhusa haujaisha, na iwapo kuna masharti ya saa au ya aina ya kazi. Mwanafunzi wa shahada, kwa mfano, kwa kawaida huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wakala hutakiwa kupata ushahidi wa tarehe za muhula na likizo.

Majina ndiyo huwasumbua zaidi watu wa Afrika Mashariki. Katika desturi ya Pwani na Visiwani mtu huitwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Pasipoti ikijazwa, jina la babu huingia kwenye kisanduku cha ubini. Cheti cha chuo huenda kikawa na majina mawili tu, na hapo jina la baba ndilo linaloonekana kama ubini. Aliyeolewa akaanza kutumia jina la mume huongeza toleo la tatu. Kwa mkaguzi ambaye hajui desturi hiyo, hao ni watu watatu.

Tofauti ya majina haimnyimi mtu kazi, mradi ielezwe kwa nyaraka. Zinazokubaliwa ni pamoja na cheti cha ndoa, hati ya talaka na hati ya kubadili jina, na mkaguzi hutakiwa kutunza nakala zake pamoja na nyaraka kuu. Hati ya Kiswahili huhitaji tafsiri iliyothibitishwa ili mkaguzi aielewe.

Maombi mengine ya wakala

Namba ya bima ya taifa huhitajika kwa makato ya kodi na michango. Peke yake haithibitishi ruhusa ya kazi. Na asiyenayo bado anaweza kuanza kazi akiwa amethibitisha ruhusa yake. Taarifa za benki ni za mshahara, na hutosha jina la akaunti, namba yake na msimbo wa tawi. Nywila na namba ya siri ya kadi hazihusiki kamwe. Cheti cha rekodi ya jinai huombwa pale aina ya kazi inapohitaji, hasa katika uangalizi na shule, na kina orodha yake ya nyaraka.

Ruhusa yenye kikomo

Mwenye ruhusa ya muda hukaguliwa tena kabla ya muda huo kwisha. Aliyewasilisha ombi la kuongeza muda kabla ya viza kuisha, na bado anasubiri jibu, kwa kawaida huendelea na haki zake za awali. Mwajiri huuliza Wizara kupitia huduma yake ya waajiri, na jibu la kuthibitisha humpa kinga ya miezi 6. Njia hiyo hiyo hutumika kwa mwomba hifadhi ambaye kadi yake inaonyesha ameruhusiwa kufanya kazi. Aliyekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi huruhusiwa kufanya kazi yoyote.

Ulinzi wa taarifa na nyaraka

Nakala za ukaguzi hutunzwa kwa muda wote wa ajira na miaka 2 baada ya hapo, kisha huharibiwa kwa usalama. Chini ya Sheria ya Kulinda Taarifa ya 2018, wakala huchukua taarifa zinazohitajika kwa lengo lililotajwa tu. Mfanyakazi anaweza kuomba nakala ya taarifa zake, na kwa kawaida hujibiwa ndani ya mwezi 1. Asiporidhika hulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Taarifa.

Pasipoti hurudishwa mara baada ya kunakiliwa. Kushikilia pasipoti ya mfanyakazi ni mojawapo ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa zilizoorodheshwa na Shirika la Kazi Duniani.

Ada, ubaguzi na ulaghai

Sheria ya Mawakala wa Ajira ya 1973 inakataza kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi, isipokuwa katika baadhi ya kazi za burudani na mitindo. Huduma kama ya kuandika wasifu zinaweza kulipiwa, lakini haziwezi kufanywa sharti la kupata kazi. Ujumbe wa simu unaotaka «ada ya uhakiki» kabla ya mahojiano ni ishara ya utapeli. Vivyo hivyo ombi la picha ya pasipoti kutoka kwa mtu asiyetaja kampuni, anwani wala kazi yenyewe.

Chini ya Sheria ya Usawa ya 2010, ukaguzi hufanyiwa waombaji wote kwa namna moja. Kumkagua mwenye ngozi nyeusi au lafudhi ya kigeni pekee ni ubaguzi wa rangi, na shauri linaweza kufikishwa katika baraza la ajira. Muda wa kulifungua ni mfupi, hivyo ushauri wa bure wa taasisi ya Acas hutafutwa mapema.

Mawakala wa mashambani, wa uokotaji kombe na wa viwanda vya chakula huhitaji leseni. Sharti hilo limetokana na sheria ya 2004, iliyopitishwa baada ya wafanyakazi wa Kichina wasiopungua 21 kufa maji katika ghuba ya Morecambe usiku wa tarehe 5 Februari mwaka huo. Majina ya wenye leseni yamo katika rejista ya wazi, na yeyote anaweza kuitazama kabla ya kukabidhi nyaraka zake.