Kutoka Kivukoni Hadi Jangwani: Mwongozo wa Dar es Salaam ya Kale

Sehemu kongwe ya Dar es Salaam hutembeleka kwa miguu kwa siku moja, na njia iliyo bora ni ile inayoanzia Kivukoni na kuishia Jangwani, kwa kuwa hudhihirisha jinsi mji ulivyopangwa. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Kazi ilizorota alipofariki mwaka 1870, hadi Wajerumani walipohamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, nao wakaanzisha mgawanyo wa makazi uliowaweka Wazungu ufukweni, Wahindi katikati na Waafrika magharibi.

Kivukoni kuna soko la samaki la Feri, Boma la Kale la enzi za Sultani na kanisa la Kilutheri la Azania Front, na mbele kidogo, katika Mtaa wa Samora, husimama Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Upande wa magharibi hufuata Mnazi Mmoja, uwanja ambao Waingereza, waliotawala baada ya Wajerumani, waliuacha wazi ili kuwatenga Waafrika na wakazi wengine, na ambao leo una Mnara wa Mwenge wa Uhuru.

Baada ya uwanja huo huanza Kariakoo, iliyopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao wengi wao hawakurudi makwao. Soko kuu, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa la zege lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, inayokinga maji ya mvua na kuyapeleka chini; liliungua Julai 2021, kisha likajengwa upya. Katika mitaa ya jirani zimebaki nyumba chache za Kiswahili, yaani nyumba zenye baraza mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati ya vyumba na uani nyuma kwa ajili ya kupikia na kufulia, ingawa maghorofa yanazimeza mwaka hadi mwaka.

Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi na pia ni nyumbani kwa klabu ya soka ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mto hufurika na Barabara ya Morogoro huweza kufungwa, hivyo ni vyema msafiri aulize hali ya njia kabla ya kutoka.

Mabasi ya mwendokasi yana vituo Kivukoni na Gerezani, karibu na soko la Kariakoo. Kariakoo huzuriwa asubuhi kabla ya msongamano, kwa mavazi ya heshima, fedha ndogondogo mkononi na simu mfukoni. Bei hupatanwa kwa upole, na mtu haombwi picha kabla ya kuamkiwa. Anayeishia Kivukoni huwa ameuona mji wa watawala tu, ilhali mji uliojengwa na wananchi wenyewe uko Kariakoo na Jangwani, nao ndio unaostahili sehemu kubwa ya siku yake.