Masala ya Aya ya Yakobo: Mwenye Kuvunja Amri Moja

Mwislamu wa pwani afikaye Kitura kwa biashara, katika nchi ya Mbinga iliyo juu ya Ziwa Nyasa, hukaa na Wakristo, maana wao ndio wengi huko tangu Wabenediktini walipojenga Peramiho, upande wa Songea, mwaka 1898. Jioni yakija mazungumzo ya dini, huenda akatajiwa Waraka wa Yakobo, mlango wa 2, aya ya 10, ambayo maana yake ni kwamba mtu akiishika sharia yote kisha akateleza katika jambo moja, hatia ya yote iko juu yake. Hurudi kwake amefadhaika. Juzi alipitwa na sala ya alfajiri kwa uvivu. Je, saumu yake ya Ramadhani imekwenda bure?

Jawabu: Aya isikatwe na zilizo mbele yake. Mlango ule waanza kwa habari ya watu wawili walioingia mkutanoni, tajiri mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye nguo mbovu. Tajiri akapewa mahali pazuri, maskini akawekwa chini. Yakobo awakemea watu wasiozini wala kuua, wenye kujiona wema, na katika aya ya 11 ataja sababu: aliyekataza zina ndiye yule yule aliyekataza kuua. Basi neno lake ni juu ya Mwenye kuamrisha, kuwa ni Mmoja. Wala hakuja kusawazisha madhambi. (Na lau misikiti ya pwani ingalipimwa kwa habari ya tajiri na maskini, safu ya mbele wangalisalimika wangapi?)

Wakristo wenyewe aya hii iliwatatiza. Augustine, askofu wa Hippo, ndiyo Annaba ya Aljeria leo, alimwandikia Jerome huko Bethlehemu mwaka 415 kumwuliza maana yake, wala hakukubali kuwa madhambi yote ni sawa. Nao Wakatoliki mpaka leo hutenga dhambi ya mauti na dhambi nyepesi.

Kurani Tukufu, Sura ya Baqara, aya ya 85, yawakemea wenye kuamini baadhi ya Kitabu na kukanusha baadhi. Hapo Yakobo yu karibu. Lakini kukanusha ni mbali na kushindwa na nafsi. Asemaye ulevi ni halali, hali ajua umeharimishwa, ametoka katika dini. Anywaye huku akikiri kuwa ni haramu ni fasiki, naye ni Mwislamu: sala na saumu zamlazimu, na akifa huoshwa na kusaliwa. Khawariji ndio waliowakufurisha watu kwa dhambi kubwa, na mmoja wao akamwua Sayyidna Ali mwaka 40 wa Hijra (661). Ahlu Sunna waliikataa kauli yao.

Wamatengo wa milima ile hulima mashimo yaitwayo ngoro, killa shimo limezungukwa na matuta yazuiayo maji ya mvua. Tuta likibomoka, maji hulishukia shimo la chini. Kwa hivyo mkulima hadharau ufa mmoja. Wala hauhami mlima kwa ufa huo: huchukua jembe akaziba.

Aliyepitwa na alfajiri bila ya udhuru ailipe mara moja, wala asiicheleweshe, na atubu kwa uvivu wake. Saumu yake ni sahihi.