Kariakoo na Wapagazi Wake

Kwetu Mbangala, mkoani Songwe, mwenye duka akiulizwa bidhaa zake zatoka wapi, hujibu neno moja tu: "Kariakoo." Nami nililitaja jina hilo miaka mingi bila kujua maana yake, hata tulipofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza katika somo la Historia. Nimeona vyema niwaandikie wenzangu habari zake.

Kariakoo iko Dar es Salaam, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Wajerumani walijenga hapo banda kubwa, lakini kabla halijawa soko, vita vikaanza mwaka 1914. Waingereza walipouteka mji, Septemba 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, yaani Carrier Corps. Watu wakalitamka neno hilo kwa ndimi zao, likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina mtaa uitwao Kariokor kwa sababu iyo hiyo.

Magari yalishindwa na njia za porini, na wanyama wa mizigo walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Kwa hiyo risasi na vyakula vilichukuliwa vichwani mwa watu. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Vita vilifika hata mpakani kwetu: Novemba 1918 jeshi la Wajerumani lilipita karibu na Tunduma ya leo, likaingia nchi ambayo sasa ni Zambia.

Baada ya vita banda likawa soko, na watu wa makabila mengi wakajenga nyumba zao kulizunguka. Mtaani humo ndimo kilimozaliwa chama cha TANU, tarehe 7 Julai 1954. Soko jipya, lililochorwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021.

Katikati ya mji iko Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Juu amesimama askari na bunduki yake; mpagazi yumo katika maandishi ya chini. Wengi wao hatujui hata walikozikwa.

Likizo ijayo nitamwuliza yule mwenye duka kama ajua maana ya jina alitajalo kila siku. Asipojua nitamweleza, naye awaeleze wateja wake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne