Blogu yangu yasomwa Rongo hadi Doha, mbona hailipi?

Shangazi, nina umri wa miaka 28, nimeolewa, nina mtoto mmoja na ninaishi Rongo, Kaunti ya Migori, ingawa nilizaliwa Mbita. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika blogu yangu kwa Kiswahili na Kidholuo. Naandika mambo ya huku kwetu: bei ya omena ufuoni, jinsi ya kuvuka kwa feri kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, mahali pa kulala ukienda Rusinga, mapishi ya nyanya yangu, safari ya Thimlich Ohinga. Watu wananisoma. Sokoni naitwa "dada wa blogu". Hata kuna watu walioko Doha wanaoniandikia.

Shida ni pesa. Niliweka matangazo ya Google na tangu nianze nimepata dola 11, nazo hata sijazishika mkononi. Mume wangu ni fundi wa pikipiki. Anasema nachoma bando bure, na kwamba muda huo ningeuza mitumba tungekuwa mbali. Nyumba moja ya wageni ilinilaza bure siku mbili ili niisifu. Maji hayakuwepo, lakini nikaisifu hivyo hivyo. Sasa amekuja mtu wa mwanasiasa mmoja wa Homa Bay. Anataka kunilipa Sh20,000 kila mwezi hadi uchaguzi wa 2027, nimsifu mkubwa wake na "kumshughulikia" mpinzani. Habari zenyewe nitakuwa naletewa zikiwa tayari. Mume anasema nichukue kwa sababu karo haingoji. Moyo wangu unakataa ila mfuko unakubali. Nifanyeje?
Dada wa Blogu, Rongo

Mwanangu, hizo elfu ishirini usizichukue. Nimelitanguliza jibu kwa sababu najua watu wa siasa hawangoji gazeti litoke. Sababu nitakupa, lakini tuzungumze kwanza kuhusu dola zako 11, maana ndizo zilizokufikisha mahali pa kumkaribisha huyo mtu kiti.

Google haitoi malipo mpaka akaunti ifike dola 100. Kwa mwendo wako, pesa ya kwanza itakukuta umepita miaka 50 na mjukuu yuko mgongoni. Usidhani unaandika vibaya. Matangazo yale hulipa kwa wingi wa watu, na hulipa pia kulingana na mfuko wa anayesoma. Mwenye kutangaza yuko tayari kutoa pesa nyingi kumfikia mtu wa London anayetafuta mkopo wa nyumba kuliko mtu wa Awendo anayeulizia bei ya omena. Tena Kiswahili kimo katika orodha ya lugha ambazo Google inaziwekea matangazo, ila Kidholuo hakimo. Zile kurasa za mapishi ya nyanya yako, ambazo sitashangaa kusikia ndizo zinazopendwa kuliko zote, hazikuundiwa mfumo huo. Ziandike tu, lakini usizidai mshahara wa Google.

Kuna jambo la kufanya haraka. Akaunti ikifika dola 10, Google hutuma barua ya posta yenye nambari ya siri ya kuthibitisha anwani yako. Usipoiingiza nambari hiyo ndani ya miezi minne, matangazo husimamishwa. Wewe umeshavuka 10. Nenda posta ukaulize, na kama ulijisajili kwa sanduku la shule uliyosoma zamani, barua imelala huko na mwalimu mkuu hajui ni ya nani. Unaweza kuomba nyingine. Pia usithubutu kubofya matangazo yako mwenyewe, wala usiwaombe vijana wa gereji ya mumeo wakubofyee. Google hutambua mchezo huo, na ikiutambua hufunga akaunti pamoja na kilichomo.

Basi yaache matangazo yalipo, na usiyategemee.

Kilichonisimamisha katika barua yako ni watu wa Doha. Umewataja kwa sentensi moja ukapita, kana kwamba ni majirani waliokusalimia njiani. Wanakuandikia nini hao? Nakisia: wakija likizo walale wapi, feri inaondoka saa ngapi, nani atawatafutia omena safi awapelekee ndugu zao Nairobi. Nawe unakaa usiku kuwajibu mmoja mmoja, bure, kwa bando lile lile ambalo mumeo analilalamikia. Mwanangu, watu wanaouliza maswali ya namna hiyo wameshika pesa mkononi wakitafuta wa kumpa.

Chukua omena. Mama wa Kayole hawezi kujua ipi ilikaushwa juu ya nyavu na ipi ilianikwa mchangani mpaka aiweke sufuriani na meno yamwambie. Wewe mtoto wa Mbita wajua kwa kutazama. Miaka mitatu umewafundisha wasomaji tofauti hiyo, wakakuamini, kisha ukawaelekeza wakanunue kwa mwingine. Anza na gorogoro chache, pesa itangulie kwa M-Pesa, mzigo uende kwa basi la usiku. Ukiona wateja wanarudi, kata kibali cha biashara cha kaunti ili askari wa kaunti wasikusumbue. Blogu itakuwa duka lisilolipa kodi ya nyumba.

Au chukua safari. Thimlich Ohinga iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, na tangu hapo kuna walimu, wanafunzi na Wakenya wa mijini wanaotaka kuziona zile kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, lakini hawajui washukie wapi wala wabebe nini. Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi Nairobi Julai 5, 1969. Mbuga ya Ruma ina korongo, yule swala mkubwa ambaye Kenya nzima amebaki huko tu. Andika kijitabu kimoja cha kusomwa kwenye simu: njia, nauli, mahali pa kula, mwendesha boti mwaminifu aliyekubali nambari yake itolewe. Kiuze Sh200. Wakinunua watu kumi mwezi mmoja umepata Sh2,000. Dola zako 11 za miaka mitatu ni kama Sh1,400.

Usiniambie wasomaji hawalipi. Tazama Jackson Biko, yule wengi wanayemjua kama Biko Zulu, ambaye husimulia sana habari za kwao Kendu Bay. Blogu yake imemjengea wasomaji waaminifu, nao hulipia nafasi katika madarasa yake ya uandishi na kununua riwaya zake, ikiwemo Drunk. Wanamlipa kwa sababu wamezoea sauti yake na wanataka zaidi ya kile cha bure. Wewe si Biko, na Rongo si Nairobi, lakini njia ni hiyo hiyo.

Sasa ile nyumba ya wageni. Hapo nina neno kali kidogo. Ulilisifu bafu ambalo halikuwa na maji. Msomaji wa Doha akija na watoto, akafungua mfereji ukatoa hewa, atamkasirikia mwenye nyumba siku moja. Wewe atakukasirikia daima, na hataagiza omena kwako. Irudie ile makala uirekebishe: sema ulilazwa bure, sema chumba kilikuwa kizuri kama kweli kilikuwa kizuri, na sema siku hizo maji hayakuwepo. Mwenyewe akinung'unika, mweleze kwamba ukitaka kumtangaza utamtangaza kwa bei, na juu ya ukurasa kutaandikwa TANGAZO kwa herufi ambazo hata nyanya ataziona.

Hata hivyo, kuna kazi kwa watu kama huyo. Nyumba nyingi za wageni huko ziwani huweka mtandaoni picha za giza zilizopigwa usiku, kitanda kimoja na pazia. Wewe unajua kupiga picha na kuandika sentensi inayomfanya mtu afunge safari. Waambie utawapigia picha na kuwaandikia maelezo kwa Sh3,000, kisha upandishe bei kadiri kazi inavyojulikana. Wauzaji wa pembejeo Rongo na vyama vya akiba na mikopo pia wana la kutangaza. Blogu yako itakuwa sampuli ya kazi unayowaonyesha. Pata PIN ya KRA ikiwa huna, kwa maana tangu Julai 2023 sheria inamtaka anayelipia maudhui ya mtandaoni akate ushuru wa asilimia 5. Kampuni ikikubali kukulipa Sh10,000 utapokea 9,500, usije ukamshuku karani.

Tena ukipiga picha za akina mama wanaoanika omena, waombe ruhusa kwanza. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Picha moja tu.

Nimrudie mtu wa mheshimiwa. Ametaka mambo mawili, na la kumsifu mkubwa wake ndilo jepesi. Ungeandika TANGAZO, ukala pesa yako, wasomaji wakacheka, mambo yakaisha. Ubaya uko katika lile la pili, la kumshughulikia mpinzani kwa habari utakazoletewa zikiwa tayari. Nani amezipika? Kwa moto gani? Jaji John Mativo alifuta kosa la jinai la kukashifu mtu mnamo Februari 2017, lakini kesi ya madai kwa kuharibiana majina bado ipo, na mahakama huanza na jina lililoandikwa juu ya makala. Jina hilo litakuwa lako. Mheshimiwa atasema hakujui, na kwa kweli hakujui.

Wewe ni mke wa Rongo lakini kwenu ni Homa Bay, kwa hivyo sina haja ya kukusimulia kwa urefu habari za Albert Ojwang. Mwalimu na mwanablogu yule alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay Juni 7, 2025, akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa ameshafariki mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central. Chanzo kilikuwa maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu afisa wa ngazi za juu wa polisi. Tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Wataalamu waliopasua maiti wakasema majeraha yale si ya mtu kujigonga. Maafisa wa polisi ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji yake. Simtaji ili uogope kalamu yako, wala sisemi kosa lilikuwa lake. Namtaja kwa sababu huko kwenu kila mtu anajua kwamba neno lililoandikwa linaweza kuleta watu mlangoni. Hatari hiyo ikibidi ije, na iletwe na neno ulilolichunguza mwenyewe na ambalo uko tayari kulitetea. Kuibeba kwa ajili ya uongo wa mtu mwingine, kwa Sh20,000 ambazo mara nyingi hulipwa miezi miwili kisha simu haishikwi, ni kujidhulumu.

Mumeo je? Si mtu mbaya. Fundi huona kazi ikiingia gereji imeharibika na kutoka imepona, na jioni anahesabu alichopata. Yako haioni ikianzia wala ikiishia wapi. Anachoona ni mwanga wa simu usoni mwako saa sita za usiku. Nunua daftari. Upande mmoja andika bando, nauli na kila shilingi inayotoka, na upande wa pili andika kinachoingia, hata kiwe Sh200. Mwekee daftari hilo mezani kila mwisho wa mwezi. Mwombe muda hadi mwisho wa muhula ujao wa shule, na kama upande wa pili bado ni mtupu, msikilize kuhusu mitumba. Unaweza kuuza mitumba mchana na kuandika jioni, wengi hufanya hivyo. Ila kuhusu zile elfu ishirini, muulize swali moja: je, yuko tayari makala hizo zitoke kwa jina lake na picha ya gereji yake? Msubiri ajibu.

Yule mtu mjibu wiki hii, kwa ujumbe wa maandishi na si kwa simu: "Asante kwa kunifikiria, lakini siandiki siasa kwa malipo." Usiongeze neno. Uhifadhi ujumbe huo, na usipokee hata nauli kutoka kwake.

Nanyi wenye hoteli, boti na nyumba za wageni kuanzia Muhuru Bay hadi Kendu Bay, mnaposoma haya mkikumbuka msichana fulani aliyewaandikia vizuri mkampa soda, mtafuteni mumlipe.