Vipande vya dukani ni udanganyifu?

Swali: Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya roboti, Miasenyi. Wanafunzi wakitumia vipande vilivyotengenezwa tayari, si ni kudanganya?

Jibu: Hapana, mwalimu. Mashindano ya roboti ya FIRST Global, yaliyoanza Washington mwaka 2017, huzipa timu za nchi zote vipande vilevile. Kinachoshindanishwa ni ubunifu. Nunueni mota, betri na bodi ya kudhibiti ya Arduino bila haya. Fremu kateni wenyewe, mbao zinatosha. Gia ndizo msizikubali zikiwa zimeshafungwa: mwanafunzi apange mwenyewe ya meno 12 izungushe ya meno 36, aone mwendo ukishuka hadi theluthi huku nguvu ya kusukuma ikipanda. Roboti inayokuja nzima, ya kuwashwa tu, irudisheni dukani.