Somo la 14: Vazi la Zamani na Vazi Jipya

Kule Ufaransa alikuwako mwandishi aliyeitwa Denis Diderot. Jina lake hutamkwa Didero. Alizaliwa mwaka 1713 katika mji wa Langres. Baba yake alikuwa fundi wa visu. Diderot alitumia zaidi ya miaka 20 kutayarisha vitabu vikubwa vya elimu. Humo kazi za mafundi zilielezwa na kuchorwa. Pia alitazama picha za wachoraji, akaandika ipi nzuri, ipi mbaya, na kwa nini.

Mwaka 1769 aliandika habari za vazi lake la nyumbani. Lilikuwa refu kama kanzu, nalo limechakaa. Kitabu kikiwa na vumbi, alikipangusa kwa vazi hilo. Wino ukigoma kushuka, alifutia kalamu humo humo. Mtu akiyaona madoa yale alijua kwamba huyu ni mwandishi, mtu wa kazi.

Kisha akapata vazi jipya, jekundu, la fahari. Akalivaa, akatazama chumba chake. Taabu ikaanza! Kiti cha majani kilitia aibu, kikaja kiti cha ngozi. Ubao wa vitabu ukaondoka, likaja kabati la thamani. Meza nayo ikabadilishwa. Kila kitu kipya kilidai mwenzake.

Diderot alikuwa na macho ya kutazama picha. Aliona kuwa vitu vyake vya zamani vilikuwa vya kimaskini, lakini vilipatana, kama rangi zinavyopatana katika picha nzuri. Sasa kupatana kule kumevunjika. Tena alijiona analitumikia vazi, badala ya vazi kumtumikia yeye. (Vazi lenyewe halikuwa na kosa, naona mimi. Vazi halimwagizi mtu kununua kabati.)

Zulia lake la zamani alikataa kulitoa. Alitaka limkumbushe kila asubuhi hali yake ya kwanza, asije akawafungia mlango wenye shida. Na alikuwa na picha ya dhoruba baharini, iliyochorwa na Vernet. Vingine vyote alikuwa radhi viondoke, ila picha hiyo ibaki.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini Diderot alibadilisha kiti chake?
2. Zulia lilikuwa na kazi gani?
3. Je, nyumbani kwako kiko kitu kipya kilichodai kingine? Gharama yake ilikuwa nini, na nani aliilipa?